Kashfa ni ya Nani?

Neno kashfa lina asili ya Kiarabu, na maana ya shina lake katika lugha hiyo ni kufunua kilichofunikwa. Aondoaye pazia amefanya tendo hilo, na avuaye kawa juu ya chakula amelifanya. Lilipohamia katika Kiswahili neno hili lilishika njia nyingine. Kwetu mwenye kukashifu huhesabiwa mchongezi na mvunja heshima za watu, na kashfa imekuwa jina la fedheha impatayo aliyefunuliwa. Uovu wenyewe haumo katika neno, wala tendo la kuufunua halimo. Najua kwamba lugha zote huazima na kugeuza, na kugeuza si dhambi. Walakini mgeuko huu mmoja umetugharimu, nami nakusudia kuonyesha jinsi ulivyotugharimu katika jambo ambalo wasomi wa Kiswahili wamelinyamazia mno: habari za mashirika, nyumba za ibada, shule na vyuo ambamo wenye mamlaka waliwadhulumu kwa ngono watu waliowekwa chini ya mikono yao.

Tazama sentensi ambayo kila msomaji wa magazeti ameiona mara nyingi: "Kashfa ya ngono yalikumba shirika." Kitenzi kukumba ni cha kimbunga, cha mafuriko na cha njaa. Aliyekumbwa hana hatia. Alikuwa ameketi zake, msiba ukamwangukia. Basi shirika lililowaajiri wakosaji, likawapa magari na fedha na madaraka, kisha likafumba macho, katika sarufi hii lasimama mahali pa maskini aliyebomolewa nyumba na upepo. Mtenda hayumo. Mtendwa hayumo. Na neno ngono, ambalo ni jina la tendo la watu wawili, limewekwa pale palipostahili jina la ubakaji, au la ulaghai wa mwenye nguvu juu ya asiye nazo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu angeichambua sentensi hii kwa dakika tano. Wahariri wetu wameiandika miaka mingi pasipo kushtuka.

Huenda msomaji akadhani kuwa nagombana na maneno kwa sababu maneno ndiyo kazi yangu. Namwomba avumilie, nichukue mfano mmoja na kukaa nao. Nimeuchagua kwa kuwa ulitokea katika nchi ya wasemao Kiswahili.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kuwa maradhi ya Ebola yamezuka katika Kivu ya Kaskazini. Yalidumu karibu miaka miwili, hata tarehe 25 Juni 2020, yakaua watu zaidi ya 2,200. Mangina, Beni na Butembo zilijaa magari ya mashirika ya kigeni. Mashirika hayo yalihitaji wapishi, wafagiaji na wapeleka habari mitaani, na mshahara wa dola 50 hadi 100 kwa mwezi ulizidi mara mbili ujira wa kawaida wa mahali pale. Katika nchi iliyochoshwa na vita kwa miaka mingi, ajira ya namna hiyo ilikuwa chakula, kodi ya nyumba na ada ya shule. Na mlangoni pa ajira hiyo walisimama wanaume wenye orodha za majina.

Tarehe 29 Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation, baada ya kuchunguza kwa karibu mwaka mzima, walitangaza waliyoyakuta. Wanawake 51 wa Beni waliwaeleza habari za kutakwa kimwili kwa sharti la kupata kazi au kubaki kazini, na 30 kati yao waliwashtaki wanaume waliojitambulisha kuwa ni wa Shirika la Afya Duniani. Shirika likaunda tume huru, nayo ikaongozwa na wanawake wawili, Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wa Kongo. Ripoti ya tume ilitoka tarehe 28 Septemba 2021. Ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika lenyewe. Madai ya ubakaji yalikuwa tisa. Mkurugenzi Mkuu aliwaomba radhi waliodhulumiwa.

Mtu aweza kusema: basi kazi imefanyika; waandishi walifichua, tume ilichunguza, mkubwa alitubu. Wengi walisema hivyo, na magazeti yakafunga kurasa zake. Lakini mwezi wa Mei 2021, kabla tume haijamaliza kazi, shirika la habari la Associated Press lilikwisha onyesha kwamba wakubwa wa Shirika walipelekewa habari za mambo haya tangu mwaka 2019, wakati ugonjwa ungali unaua. Lilionyesha pia hati ya mapatano kati ya daktari mmoja na mwanamke kijana mwenye mimba: daktari atamlipa fedha kila mwezi, atagharimia matibabu, na atamnunulia kiwanja. Watumishi wawili wa Shirika walitia sahihi hati hiyo. Daktari alikana kutenda kosa, naye alieleza kuwa mapatano yale yalifanywa ili kulinda jina la Shirika. Nalisoma elezo hilo kama mwalimu wa lugha, nami naona kuwa ndani yake imo nadharia kamili ya kashfa: kilichokuwa hatarini, kilichohitaji kulindwa, kilichonunuliwa kwa kiwanja, kilikuwa jina.

Sasa nafika kwenye neno ambalo kwangu ni zito kuliko yote katika shauri hili. Neno hilo ni mnufaika.

Kanuni za Shirika za wakati ule zilikataza dhuluma ya kingono dhidi ya "wanufaika", yaani watu wapokeao msaada. Habari ya mwanamke yule wa kiwanja ilipofika makao makuu, uchunguzi haukufunguliwa, kwa sababu ilionekana kuwa yeye si mnufaika. Tume ililieleza jambo hili katika ripoti yake na kulilaumu. Hata hivyo, mwezi wa Januari 2023 Associated Press ilifichua ripoti ya siri ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa iliyosema kwamba mameneja waliohusika na shauri hilo hawakuvunja kanuni. Hoja ilikuwa ile ile: mwanamke hakupokea msaada wa Shirika, kwa hiyo si mnufaika, na kwa kuwa si mnufaika, lililompata haliingii katika kosa linalokatazwa.

Mnufaika, kama kila msomaji ajuavyo, ni aliyepata manufaa. Neno limezaliwa na kitenzi kunufaika, na kauli yake ni ya mtu aliyefikiwa na heri. Ili mwanamke wa Beni adhulumiwe kwa mujibu wa kanuni, ilimpasa kwanza afaidi. Hakupewa chanjo, hakupewa unga, hakupewa hema. Basi mimba aliyopewa haikuwa shauri la Shirika. Kama mtunzi wa vichekesho angeandika haya tungemwambia amezidisha chumvi. Nao walioyaandika si wajinga wala si wahuni, ni wanasheria wenye shahada, nao walitegemea jambo moja tu: kwamba neno la kanuni lingebaki ndani ya kanuni, na kwamba hakuna mtu wa nje ambaye angelichukua na kuliweka juani.

Waandishi ndio walioliweka juani. Mwaka 2023 Shirika lilitoa sera mpya iliyouondoa mpaka ule wa wanufaika na wasio wanufaika. Nalitaja hili kwa haki, na nalitaja pia kwa sababu lanithibitishia hoja yangu. Neno moja lilizuia mashtaka, na neno hilo lilipofunuliwa mbele ya watu halikuweza kusimama tena.

Sisi tulikuwa wapi? Nasema sisi, yaani magazeti, redio na vyuo vya Kiswahili. Lugha ya soko la Beni ni Kiswahili. Mwandishi atokaye Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura angeweza kushuka Butembo na kumwuliza mfagiaji wa hospitali habari zake pasipo mkalimani, akamwita mama au dada, akajibiwa kama mgeni wa nyumbani. Walakini habari hizi zilitangazwa na watu wa Geneva na London, na nilizozisoma kwa Kiswahili zilikuwa tafsiri. Zilikaa siku mbili tatu, zikapita. Na katika tafsiri hizo nililikuta neno mnufaika, limenyooka kama askari kwenye gwaride, pasipo hata alama za kunukuu kuonyesha kuwa mwandishi amelitilia shaka. Hapo ndipo ninapowalaumu wahariri wetu, na kulaumu idara zetu zinazowafundisha.

Wako wasemao kwamba gazeti moja haliwezi kulishinda shirika kubwa. Naam, habari moja haiwezi. Jijini Boston, Marekani, gazeti la Boston Globe lilianza tarehe 6 Januari 2002 kuandika habari za mapadri waliowadhulumu watoto na maaskofu waliowahamisha mapadri hao kutoka parokia moja hadi nyingine. Kama lingeandika siku hiyo na kunyamaza, tungeiita kashfa na kuisahau. Liliandika karibu habari 600 katika mwaka ule mmoja. Lilikwenda mahakamani kudai nyaraka za kanisa zilizofungwa zifunguliwe, na nyaraka zilipofunguliwa, barua za wakubwa wenyewe zilizungumza. Kardinali Bernard Law alijiuzulu kiti chake tarehe 13 Desemba 2002. Hata yeye, mwaka 2004, alipewa kanisa kubwa la Santa Maria Maggiore huko Roma kulisimamia. Uwajibikaji wa watu wakubwa hauji mzima hata siku moja. Lakini ulichokuja, ulikuja kwa sababu gazeti lilirudi kesho, na kesho kutwa, na mwezi uliofuata.

Wala sidhani kuwa waandishi ni malaika. Nyumba ya habari nayo ni taasisi, ina jina la kulinda. Mtangazaji Jimmy Savile wa BBC alifariki mwezi wa Oktoba 2011 akiwa na sifa nyingi. Waandishi wa kipindi cha Newsnight cha BBC hiyo hiyo walikuwa na ushahidi wa wanawake juu yake, na mwezi wa Desemba uchunguzi wao ukaachwa. Ilikuwa televisheni nyingine, ITV, iliyoitangaza habari mwezi wa Oktoba 2012. Uchunguzi wa Jaji Janet Smith, uliotoka mwaka 2016, ulipata watu 72 waliodhulumiwa na Savile katika mambo yaliyohusu kazi yake ya BBC. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere, hata ngedere akiwa mwandishi.

Nimesikia hoja nyingine, na hii naiheshimu zaidi. Yasemwa kwamba katika Kivu watu walikuwa wakiwashuku matabibu, wengine wakisema Ebola ni uongo wa serikali. Vituo vya matibabu vilichomwa, na tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtumishi wa Shirika aliyetoka Kameruni, aliuawa hospitalini Butembo. Je, kutangaza uovu wa wachache hakungewafanya watu wakimbie chanjo na kufa? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba wanawake wa Beni hawakuhitaji gazeti kuwajulisha waliyotendewa. Dada zao walijua, mama zao walijua, wauza mboga mbele ya hoteli walijua. Waliofichwa habari ni watu wa mbali, wenye uwezo wa kuadhibu. Mji unaoona kwa macho yake kuwa aletaye dawa ndiye ambakaye msichana, kisha ukasikia redioni kwamba wote ni wema, utaacha kuiamini redio hata inaposema kweli juu ya chanjo. Na Daktari Mouzoko, na wale wengine waliokwenda pale kwa moyo safi, walistahili kutofautishwa na wahalifu. Ukimya uliwavika wote kanzu moja.

Tena yasemwa: sisi ni watu wa sitara, mila zetu hazituruhusu kuanika mambo ya chumbani. Funika kombe mwanaharamu apite. Mimi ni mtu wa pwani kwa malezi, na sitara naijua. Sitara ni nguo, na nguo huvishwa aliye uchi. Aliyevuliwa nguo ni yule msichana. Lakini fungua gazeti letu lolote uone nani afunikwaye. Utaambiwa umri wa msichana, jina la kijiji chake, darasa asomalo, kazi ya baba yake, na pengine picha yake akiwa amewekewa kivuli chembamba machoni ambacho jirani yeyote ataona kupitia kwake. Mshtakiwa, hata akiwa amekwisha fikishwa kizimbani, utamsoma kama "afisa mmoja wa taasisi moja iliyopo mkoani". Haya si mila. Ni woga wa mwenye madaraka uliojifunika ushungi wa mila.

Sitaki kueleweka vibaya juu ya haki ya mshtakiwa. Hukumu ni ya mahakama, na mtu aweza kusingiziwa. Kwa sababu hiyo hiyo gazeti lapaswa kusema nani ameshtaki, nani ameshtakiwa, kwa tendo gani, lini, na amejibu nini. Ufupi wa maneno na mafumbo ndio uzaao uvumi, na uvumi humwonea asiye na hatia kuliko habari kamili.

Nakuja karibu zaidi, maana jarida hili husomwa na wanafunzi na walimu wao. Mwezi wa Oktoba 2019 idhaa ya BBC ilionyesha kwa kamera za siri jinsi baadhi ya walimu wa Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana walivyowataka kimwili wasichana waliodhani ni wanafunzi au waombaji wa nafasi. Katika vyuo vyetu wengi waliitazama filamu ile wakacheka cheko la mtu ajuaye. Tanzania sheria ipo: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhesabu mkosaji mtu mwenye mamlaka adaiye ngono ili atoe huduma au haki. Kutokana na sheria hiyo tumepata msemo rushwa ya ngono, nao sasa umeenea kila mahali.

Msemo huu umefanya kazi njema; umelipa jina jambo lililokuwa likinong'onwa. Lakini nao wahitaji kuangaliwa. Rushwa ina mtoaji na mpokeaji, na kwa desturi wote wawili hulaumiwa. Kifungu cha sheria kinamlenga mwenye mamlaka, lakini masikio ya watu husikia biashara. Hivyo mwanafunzi aliyekamatiwa alama zake huulizwa: "Kwa nini ulitoa?" Kana kwamba alikuja na mzigo wake sokoni. Mwizi akikuwekea kisu shingoni ukampa mkoba, hatusemi umemhonga. Mwalimu akishika karatasi ya mtihani kama kisu, neno la haki ni unyang'anyi. Napendekeza tuseme unyang'anyi wa kingono. Kama yuko mwenye neno bora na alilete, lakini tusiendelee kumgawia mtendwa nusu ya kosa kwa sababu ya uvivu wa kutafuta istilahi. Mabaraza yetu ya lugha yamebuni istilahi za fizikia, za benki na za tarakilishi. Sioni kwa nini hapa yakose pumzi.

Na waandishi tunaowafundisha wanajua kupanga viambishi na kutaja ngeli, nami nafurahi. Ningependa wajue pia kuuliza, wanapopewa taarifa ya shirika: mtenda wa sentensi hii yuko wapi? Nani amechagua neno hili, na neno lingine lingemgharimu nani? Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia hayo ni siasa. Nilimjibu kuwa ni sarufi.

Kuhusu Beni, hesabu haijafungwa. Mwezi wa Novemba 2023 Associated Press iliripoti kwamba Shirika la Afya Duniani liliwapa wanawake wasiopungua 104 dola 250 kila mmoja kutoka katika mfuko wa dola milioni 2 uliowekwa kwa ajili ya waliodhulumiwa, na wengi walitakiwa kwanza wahudhurie mafunzo ya kujitafutia riziki. Dola 250 ni pungufu ya posho ya siku moja ya baadhi ya maafisa wa Umoja wa Mataifa wafanyao kazi Kinshasa. Theluthi moja hivi ya wanawake waliojulikana hawakuonekana walipotafutwa. Hapakuwa na afisa wa juu aliyefukuzwa. Fedha zile ziliitwa msaada. Neno fidia liliepukwa, kwa kuwa alipaye fidia amekiri deni.

Sasa wale wanawake waliopewa dola 250 wameingia katika daftari la Shirika, na kwa maana kamili ya kanuni za zamani wamekuwa wanufaika. Watuhumiwa walikuwa 83. Sijaona bado gazeti la Kiswahili lililokwenda Beni au Butembo kuuliza wangapi kati yao wamesimama mbele ya hakimu.